Saa Sita na Dakika Moja Usiku

Kwa saa zetu, kitabu kilitoka saa nane na dakika moja. Ulikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 21 Julai 2007. Nairobi ilikuwa imejifunika blanketi kwa sababu Julai ni Julai, matatu za mwisho zilikuwa zimeshaegeshwa, na mji mzima ulikuwa unakoroma. London, ambayo msimu huo huwa nyuma yetu kwa saa mbili, ndiyo kwanza ilikuwa inavuka saa sita. Mvua kubwa ilikuwa imepiga kusini mwa Uingereza siku hiyo, lakini nje ya duka la vitabu la Waterstone's pale mtaa wa Piccadilly foleni ilikuwa bado imesimama, ndefu, imelowa chapachapa, na haina mpango wa kwenda nyumbani. Upande mwingine wa mji, ndani ya Natural History Museum, J.K. Rowling alikuwa ameketi mbele ya watoto 500, tayari kuwasomea ukurasa wa kwanza wa Harry Potter and the Deathly Hallows. Akimaliza, kulikuwa na watu 1,700 wanaosubiri sahihi yake hadi alfajiri.

Katika saa 24 zilizofuata, Waingereza walinunua nakala milioni 2.65. Marekani, ambako kila jimbo lilisubiri saa sita yake lenyewe, zilienda nakala milioni 8.3. Gawanya mwenyewe: hiyo ni nakala kama 96 kila sekunde, mchana na usiku, na hapo ni nchi moja tu. Kitabu cha karatasi. Cha kurasa zaidi ya 600. Kilichoandikiwa watoto.

Leo tumezoea kuambiwa kwamba vijana hawasomi, basi mtu akiona picha za usiku ule hupata hamu ya kuzitumia kama ushahidi: mnaona, wanasoma! Lakini ukizitazama kwa makini, swali linalokuja ni jingine kabisa. Kwa nini usiku? Nani aliamua kwamba duka la vitabu, biashara inayopenda kufungua saa tatu asubuhi na kufunga kabla ya giza, lifunguliwe wakati ambao watu wenye akili zao wamelala? Jibu lina mapenzi ndani yake, sitakataa. Lakini pia lina mawakili, malori, intaneti na supamaketi.

Kabla ya usiku kulikuwa na alasiri

Kitabu cha kwanza, Harry Potter and the Philosopher's Stone, kilitoka tarehe 26 Juni 1997. Hakuna aliyekesha. Kampuni ya Bloomsbury ilichapa nakala 500 tu za jalada gumu, na nyingi kati yake zilikwenda maktaba. Ni kitabu kilichokuwa kimekataliwa na wachapishaji kadhaa, cha mwandishi ambaye jina lake halikumwambia mtu chochote. Kilianza kutembea kwa njia ya zamani: mtoto mmoja akamwambia mwenzake, mwenzake akamsumbua mama yake.

Cha tatu kilipofika, tarehe 8 Julai 1999, mambo yalikuwa yamebadilika. Ilikuwa siku ya shule, na wachapishaji waliogopa kwamba watoto watatoroka darasani. Wakaagiza maduka yasikiuze kabla ya saa kumi kasorobo alasiri, kengele ya kwenda nyumbani ikishalia. Hebu fikiria hilo kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza kuelekea ule usiku: kitabu kikapewa siku ya kutoka na dakika ya kutoka. Na sababu yenyewe ilikuwa ya heshima tu, ati mtoto amalize hesabu kwanza.

Sababu ya pili haikuwa na uhusiano wowote na shule. Katika miaka hiyo, toleo la Uingereza na toleo la Marekani yalitoka tarehe tofauti. Cha pili, Harry Potter and the Chamber of Secrets, kiliuzwa Uingereza kuanzia Julai 1998. Wamarekani walitakiwa kusubiri zaidi ya mwaka mzima. Zamani wangesubiri, kwa sababu wangefanya nini? Lakini sasa kulikuwa na Amazon. Mtoto wa Ohio aliweza kumwambia babake abonyeze mara mbili tatu kwenye duka la Amazon la Uingereza, na baada ya siku chache kitabu kikawa mlangoni. Kampuni ya Scholastic, iliyokuwa imenunua haki za Marekani kwa dola 105,000, ikaona wateja wake wakivuka bahari bila kupanda ndege. Ikasogeza toleo lake mbele hadi Juni 1999. Kwa kitabu cha nne, pande zote mbili zikakubaliana: siku moja, Uingereza na Marekani kwa pamoja.

Siku hiyo ikawa tarehe 8 Julai 2000. Wakaichagua Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa, basi sababu ya kusubiri alasiri ikaisha. Na ukimwambia mwenye duka kwamba ana ruhusa ya kuuza "Jumamosi", wakili wake atamwambia Jumamosi inaanza saa sita na dakika moja usiku. Mwenzake wa ng'ambo ya barabara naye ana wakili. Nani atakubali kuwa wa pili?

Kwa Kiswahili tunasema usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwetu saa sita usiku ni katikati ya usiku, basi. Hakuna kitu kinachoanza hapo. Saa ya kwanza ya mchana inaanza na jua, ya usiku inaanza na giza. Siku inayozaliwa saa sita ya giza ni siku ya kalenda na mikataba, na ndiyo iliyotumika hapa.

Wala wenye maduka ya vitabu hawakuvumbua ujanja huu. Tarehe 24 Agosti 1995 maduka ya kompyuta yalifunguliwa usiku wa manane watu wakanunue Windows 95. Ndiyo, watu walipanga foleni kwa ajili ya Windows. Mwezi Mei 1999 maduka ya vitu vya watoto huko Marekani yakafanya hivyo hivyo kwa vinyago vya filamu mpya ya Star Wars. Duka la vitabu lilikuja la mwisho kwenye sherehe hii, likaazima suti ya wengine. Lakini likaivaa vizuri kuliko wenyewe.

Katoni isiyofunguliwa

Ili watu wote wakipate kitabu kwa dakika moja, lazima kwanza kiwe kimefika kila mahali bila mtu kukisoma. Hapo ndipo kazi ilipo. Lazima uchape mamilioni ya nakala, uzipakie kwenye malori, uzisambaze kwenye maelfu ya maduka siku kadhaa mapema, halafu umwambie kijana wa stoo anayelipwa mshahara mdogo: usiguse. Maduka yaliwekewa mkataba. Katoni ziliandikwa tarehe kubwa kubwa juu. Aliyevunja sharti alijua kwamba kitabu kinachofuata huenda akakipata wa mwisho, au asikipate kabisa.

Siri haikukaa kwa amani. Mwaka 2003, kabla ya Harry Potter and the Order of the Phoenix kutoka, kurasa za kitabu zilichukuliwa na dereva wa forklift katika kiwanda cha uchapaji huko Suffolk. Mahakama ikampa adhabu ya kutumikia jamii. Mwezi huo huo lori lenye nakala 7,680 liliibwa kaskazini mwa Uingereza. Lori zima! Sijui kama kuna riwaya nyingine iliyowahi kupandishwa cheo hadi kiwango cha sigara na simu.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha Kanada, mwaka 2005. Duka moja karibu na Vancouver liliweka Harry Potter and the Half-Blood Prince kwenye rafu zaidi ya wiki moja kabla ya tarehe, na nakala kumi na kitu zikauzwa. Mchapishaji wa Kanada akakimbilia Mahakama Kuu ya jimbo la British Columbia. Jaji akatoa amri: wote walionunua warudishe, wasionyeshe mtu, wasizungumzie yaliyomo, na wasisome. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mtu ametoa pesa zake, ana risiti, kitabu kiko mezani kwake, na mahakama inamwambia asikifungue. Mawakili walibishana sana kuhusu amri ile, na walikuwa na haki ya kubishana. Inakuonyesha kwamba kilichokuwa kinauzwa hakikuwa tena karatasi na wino peke yake. Kilichouzwa ni ile dakika.

Kufikia 2007 kamba ilikuwa inakatika. Siku chache kabla ya tarehe 21 Julai, mtu alipiga picha kila ukurasa wa toleo la Marekani, kitabu kizima kimefunguliwa juu ya zulia, akazitupa mtandaoni. Gazeti la New York Times likachapisha uhakiki wake siku mbili mapema. Aliyetaka kujua nani anakufa angeweza kujua bila kutoka kitandani. Na bado watu walienda kupanga foleni. Hili ni jambo la kutafakari: mamilioni ya watu waliamua kutojua kwa hiari yao, ili wajue pamoja.

Sherehe isiyo na mgeni wa heshima

Sisi tunajua uzinduzi wa vitabu. Unaalikwa saa nane mchana, shughuli inaanza saa kumi. Kuna maombi, kuna utambulisho wa waliokaa meza ya mbele, kuna mgeni wa heshima ambaye hajakisoma kitabu lakini anakisifu kwa dakika arubaini na tano. Mwandishi anapewa nafasi mwishoni, watu wakiwa tayari wananusa samosa. Msomaji, kama yupo, anasimama karibu na mlango.

Usiku wa saa sita ulipindua mpangilio huo. Ukiacha shughuli moja mbili kubwa, kama ile ya Edinburgh Castle mwaka 2005 ambapo Rowling aliwasomea watoto 70, maelfu ya maduka hayakuwa na mwandishi. Hayakuwa na hotuba. Walikuwepo wasomaji tu, na wao wenyewe ndio walioifanya shughuli. Walikuja na majoho meusi yaliyoshonwa nyumbani, miwani ya duara isiyo na vioo, alama ya radi iliyochorwa kwenye paji la uso kwa kalamu ya wanja. Wafanyakazi wa duka walivaa kofia za kichawi na kuuliza maswali ya chemsha bongo. Watoto waligawanywa katika mabweni ya shule ya Hogwarts wakashindana. Wazazi walisinzia kwenye viti vya sehemu ya mapishi. Ikikaribia saa sita, mtu mmoja alipanda juu ya ngazi ndogo na umati mzima ukaanza kuhesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane. Kisu kikapita kwenye utepe wa katoni ya kwanza.

Halafu kimya. Watu wengi waliokuwepo hulitaja hilo: kelele za masaa mawili, kisha kimya cha ghafla, kwa sababu kila aliyepokea nakala yake aliifungua hapo hapo. Wengine walisoma wakitembea. Wengine walikaa ukingoni mwa barabara chini ya taa. Walikuwepo pia maadui wa furaha: mwaka 2005 mashabiki waliokuwa foleni walipitiwa na magari, dirisha limeshushwa, mtu anapiga mayowe jina la mhusika anayekufa, kisha gari linatimka. Watoto wakajifunza kuziba masikio.

Ile foleni ilikuwa na watu wa umri wa ajabu. Mtoto aliyeanza na kitabu cha kwanza akiwa na miaka kumi alikuwa na ishirini alipokuwa anasubiri cha saba. Amekua na mhusika, darasa kwa darasa. Nyuma yake walikuwepo watu wazima ambao Bloomsbury iliwachapia toleo lenye jalada la kiutu uzima, picha isiyo na rangi za kitoto, ili wasione aibu kwenye treni. Fantasia, ile aina ya hadithi ambayo wahakiki wengi waliiona ya kupoteza muda, ilikuwa imewakutanisha nyanya na mjukuu saa sita za usiku. Gazeti la New York Times lenyewe lilikuwa limelazimika, Julai 2000, kuanzisha orodha tofauti ya vitabu vya watoto vinavyouzwa zaidi, maana Potter alikuwa amekalia viti vya juu vya orodha kuu na waandishi wa watu wazima hawakuwa na pa kukaa.

Si kila mahali paliposherehekea. Karachi, mwaka 2007, sherehe ya kitabu cha saba iliahirishwa baada ya bomu kugunduliwa ndani ya gari karibu na jengo lenye duka. Israeli, saa ya London iliangukia katikati ya Sabato, na waziri mmoja akatishia kuwatoza faini wenye maduka watakaofungua. Na huko Marekani kwenyewe, chama cha wafanyakazi wa maktaba kinaweka Potter juu kabisa ya orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kati ya 2000 na 2009. Uchawi, walisema wazazi. Ukilelewa katika nyumba ya waliookoka hapa kwetu, wimbo huo unaujua hadi kiitikio.

Nani alikula faida

Ungedhani kwamba duka dogo la vitabu, lililokesha, likapika keki, likamvalisha karani wake kofia, lilitajirika. Wapi!

Kuanzia mwaka 1900 Uingereza ilikuwa na makubaliano yaliyoitwa Net Book Agreement: mchapishaji anaweka bei, na hakuna duka linaloruhusiwa kuuza chini yake. Yalivunjika mwaka 1995, na mwaka 1997 mahakama ikayazika. Angalia tarehe: mwaka ule ule Harry anazaliwa kwenye karatasi, ukuta uliolinda maduka madogo unaanguka. Kuanzia hapo supamaketi ingeweza kuuza kitabu kwa hasara ili kumvuta mteja ndani anunue pia maziwa na nepi.

Bei rasmi ya kitabu cha saba ilikuwa pauni 17.99. Supamaketi ya Asda ilikiuza pauni 5. Mwenye duka dogo alikuwa anakinunua kwa bei ya jumla inayozidi hiyo, kwa hiyo ingekuwa nafuu kwake kusukuma toroli ndani ya Asda kama mteja wa kawaida na kujaza nakala za kwenda kuuza dukani kwake. Malaysia, maduka makubwa ya vitabu yaliona supamaketi zikifanya mchezo huo huo, yakakiondoa kitabu kwenye rafu kwa muda, kama mgomo. Wateja walisimama mbele ya duka la vitabu ambalo, kwenye siku kubwa zaidi ya vitabu katika historia, halikuwa likiuza kitabu.

Basi kwa nini waliendelea kukesha? Kwa sababu supamaketi iliweza kushusha bei lakini haikuweza kuandaa ule usiku. Duka dogo liliuza nakala chache kwa faida kiduchu, likawekeza kwenye kumbukumbu: mtoto aliyevaa joho pale ndani akiwa na miaka tisa huenda akarudi akiwa na ishirini na tisa. Ilikuwa kamari. Wengine walishinda, wengi walifunga.

Na hapa mwaka 2007 unastahili kutazamwa tena. Tarehe 29 Juni, wiki tatu kabla ya ule usiku, iPhone ya kwanza iliingia madukani, nayo watu waliilalia nje. Tarehe 19 Novemba, miezi minne baadaye, Amazon ilitoa Kindle. Kwetu, mwezi Machi, Safaricom ilikuwa imezindua M-Pesa. Mwaka mmoja tu, na namna tunavyosoma, tunavyolipa na tunavyosubiri ikageuka yote. Foleni kubwa kuliko zote ya kitabu cha karatasi ilipita katikati ya milango hiyo miwili, wa simu na wa Kindle, na aliyesimama humo hakuwa na habari. Borders, mojawapo ya kampuni kubwa zilizoandaa sherehe za usiku ule, ilifunga maduka yake ya Uingereza mwishoni mwa 2009 na ya Marekani mwaka 2011.

Hata ule ushahidi wa "vijana wanasoma" una doa. Novemba 2007, miezi minne baada ya nakala milioni 8.3, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia sanaa, NEA, ilitoa ripoti: vijana wa miaka 17 ambao hawasomi chochote kwa raha zao walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 9 mwaka 1984 hadi asilimia 19 mwaka 2004. Yaani katika miaka ile ile ya foleni za kwanza, wasiosoma walikuwa wanaongezeka. Kitabu kimoja kinaweza kuutikisa ulimwengu kwa usiku mmoja bila kubadilisha ratiba ya Jumanne.

Sisi tulikipata wapi?

Wengi wetu tuliosomea Nairobi tulimkuta Harry kwa mtindo wa inama. Vitabu vimetandazwa kwenye gunia kando ya barabara, unainama, unachambua, unakuta cha nne na cha sita lakini cha tano hakipo. Jalada limekunjika. Ndani kuna jina la mtoto wa Kiingereza na tarehe ya Krismasi ya zamani. Kwa hiyo nakala iliyonunuliwa kwenye sherehe fulani saa sita usiku huko kwao ilisafiri kama nguo za mitumba, ikashukia hapa miaka kadhaa baadaye, ikaanza maisha ya pili kwa shilingi mia moja. Mimi nilisoma mfululizo wote kwa mpangilio uliochaguliwa na gunia. Nilijua nani amekufa kabla sijajua amezaliwa wapi. Na nilifurahi, usinielewe vibaya. Lakini furaha yangu ilikuwa ya mtu anayekula biriani ya jana: tamu, pengine tamu zaidi, ila wageni wameshaondoka.

Hilo ndilo ninaloliona kila nikizitazama picha za Piccadilly, na wala si majoho. Kwa dakika moja, mtoto wa London na wa Edinburgh walikuwa sawa katika kutojua. Hakuna aliyemtangulia mwenzake. Usawa wa namna hiyo una gharama, na gharama yake ni katoni iliyofika mapema. Ramani ya ule usiku ni ramani ya mahali ambapo katoni zilifika.

Jiji hili lina historia yake ya milango ya vitabu. Maktaba ya McMillan, yenye wale simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Baada ya uhuru mlango ulikuwa wazi, lakini wachapishaji wetu wakajifunza kuishi kwa vitabu vya shule, kwa sababu ndivyo vyenye mnunuzi wa uhakika. Riwaya ikawa kitu cha ziada, labda kipitishwe kuwa kitabu cha kutahiniwa. Halafu sheria ya VAT ya mwaka 2013 ikaweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Mtu akikuambia Mkenya hasomi, muulize kwanza kitabu chenyewe kinafikaje Kakamega, na kwa bei gani.

Maana shauku haijawahi kuwa tatizo. Wahenga wetu walijua kabla ya Bloomsbury kwamba hadithi ni kitu cha usiku. Jamii nyingi hapa ziliwakataza watoto kutamba hadithi mchana. Ukithubutu, ng'ombe watapotea, au utaota pembe. Kazi ilikuwa ya mchana, majini na mazimwi ya gizani. Nyanya alisema paukwa, nasi tukajibu pakawa, na hapo kila aliyekuwa karibu na moto alikuwa sawa na mwenzake katika kutojua. Ule ukimya baada ya katoni kufunguliwa tunaujua. Ni ule ukimya wa baada ya pakawa.

Usiku umerudi

Watu walidhani mambo yaliishia 2007. Hayakuishia. Agosti 2008 mashabiki wa Twilight walikesha kwa ajili ya Breaking Dawn. Julai 2016 Potter mwenyewe akarudi kwa tamthilia, na maduka yakafunguliwa tena usiku. Kisha, baada ya miaka ya ukame, ikaja TikTok na vijana wake wanaolia mbele ya kamera kwa sababu ya kurasa za mwisho. Novemba 2023 ilikuwa Iron Flame ya Rebecca Yarros; Januari 2025 ikawa Onyx Storm yake, riwaya ya madragoni na mapenzi iliyouza nakala milioni 2.7 katika wiki ya kwanza, maduka ya Marekani na Uingereza yakiwa yamefunguliwa saa sita usiku. Wengi waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanawake wa miaka ishirini na thelathini na kitu. Baadhi yao, bila shaka, ni wale watoto wa majoho. Baadhi wana ugomvi na Rowling siku hizi kwa sababu ya matamshi yake kuhusu watu waliobadili jinsia, na hawataki hata kumtaja. Lakini tabia ya kukesha walibaki nayo.

Jambo la kushangaza ni kwamba sasa hakuna haja kabisa. Kitabu hicho hicho kinaingia kwenye simu yako saa sita na dakika moja, ukiwa umelala chali, hujavaa hata viatu. Aliyetoka nyumbani hakutoka kwenda kuchukua kitabu. Alitoka kwenda kukaa na watu wengine ambao nao hawajui kinachofuata.

Kwa hiyo ninapowaza usiku wetu hapa, sianzi na kofia za kichawi. Nawaza riwaya ya kijana wa hapa, iwe ya majini wa Lamu au ya matatu inayopaa juu ya Thika Road, imechapwa kwa wingi, imewekwa kwenye basi la usiku mapema wiki hiyo, na katoni zake zimefika Mombasa, Kisumu, Eldoret na Garissa siku moja. Mwenye stoo ameambiwa asiguse. Bei yake haimtishi mtu mwenye nauli ya kurudi. Duka limekubali kufungua, askari wa mlangoni ameongezwa kitu kidogo cha overtaimu, na kuna chai ya tangawizi kwa sababu kutakuwa na baridi. Mgeni wa heshima hajaalikwa. Watu wanakuja wenyewe, wawili wawili, wakiulizana kama ni kweli yule dada mtu atakufa, na mmoja wao anaziba masikio mapema, akisema usiniambie, usiniambie, wacha tufike.